Pengo Juu ya Cold Rigg

Hagshaw,
Jumapili, 18 Novemba 1962

Kaka Huw,

Hili sijamwambia mtu, hata mbwa sijamwambia: siku ile ya kukusanya kondoo, pengo kwenye mstari wa wachungaji halikuwa langu. Lilikuwa la Baba. Na niliona alichokwenda kufanya.

Sasa ndiyo nikusalimu, maana ningeanza na salamu najua ningeishia kwenye salamu. Hujambo kaka? Bibi hajambo? Kifua chake kimetulia, au bado mnamfukiza mvuke? Huku tu wazima wa mwili. Upepo uling'oa mabati ya banda Jumanne ukayatupa hadi makaburini, Baba akayafuata akiyatukana kama watu. Naandika kwa Kiwelisi chetu, tulichofundishwa shuleni kule kwa Bibi. Baba hakijui, lakini unamjua, asichoweza kukisoma hukitia motoni. Kwa hiyo karatasi iko chini ya kitabu cha jiografia na sikio langu liko mlangoni.

Unakumbuka mstari wetu wa kuwateremsha kondoo unavyokaa. Mzee Titus Midgley juu kabisa kwenye jiwe la mpaka, akifuatiwa na jirani yetu Ezra Sugden. Halafu ni korongo la Dobb, halafu Baba, halafu mimi hadi ukutani, kwenye nafasi yako, tangu ulipoondoka. Tulipanda asubuhi na mapema. Hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha unywele, na wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia kwamba nyika yetu ikikosa upepo ujue inatunga jambo. Mboji ilikuwa imeshiba maji, kila hatua inakufyonza kiatu kama mdomo wa ndama. Tulishafika nusu ya njia, kondoo wanateremka mbele yetu vizuri, mara ukungu ukadondoka. Haukuja, ulidondoka. Nikasimama kama ulivyonifundisha: ukungu ukishuka mguu hauondoki, kinachotembea ni sauti. Nikaita. Baba akaitika. Nikaita tena, akaitika. Mara ya tatu, kimya.

Kisha nikasikia watu wanasemezana. Ukungu ukapasuka kidogo, nikawaona kwenye mdomo wa korongo, umbali wa kurusha jiwe. Sugden alikuwa anacheka.

"Abel, ndugu yangu, kondoo hana hati ya shamba!"

"Wangu wanayo," Baba akasema. "Iko vichwani mwao."

Kiangazi chote Sugden alikuwa anawatuma mbwa wake wawafukuze kondoo wetu wa Cold Rigg. Unajua mwenyewe hakuna uzio kule, kondoo jike ndiye anayemfundisha mwanawe kipande chao, kama alivyofundishwa. Ukiwakimbiza kila siku mpaka mama wasahau, watoto watafundishwa na nani? Watatu walisukumwa kwenye kinamasi wakafa wamesimama, matope hadi shingoni, na kunguru walishawatoa macho tulipowafikia. Baba aliwazika kwa mikono. Kwa hiyo siwezi kusema hakuwa na sababu.

Lakini, Huw, hakumpiga mara moja. Alimpiga kwa fimbo ya uchungaji hadi ikavunjika, akamaliza na kipande. Mlio wake ulikuwa kama mtu anayepiga zulia lililolowa. Ukungu ukajifunga tena. Kisha kondoo wakarudi mbio, kundi zima, wakapita pale Baba alipotakiwa kuwa. Mimi nilibaki palepale nimesimama. Kama mjinga, nimesimama.

Kule chini mazizini wanaume walitaka kupasuka kwa hasira, kazi ya siku nzima imepotea. Mzee Titus akauliza, "Nani kaacha nafasi?" Baba hakunitazama. "Msichana," akasema. "Anahesabu mawingu." Wakacheka. Wote wakanigeukia, na unajua mimi nikitazamwa na watu watatu tu maneno yananikimbia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Ndipo mbwa wa Sugden akashuka peke yake.

Walimkuta amelala uso majini, bado anapumua. Walimteremsha wamemlaza juu ya lango lililong'olewa zizini, uso wake hautambuliki. Sasa yuko hospitalini mjini, hasemi. Na wamemkamata Barney Holroyd, kibarua wake! Sugden alimpiga risasi mbwa wa Barney mwezi wa tisa, yule Nell, na Barney akasema baani mbele ya kila mtu, "Ulivyomfanya Nell ndivyo nitakavyokufanya wewe." Siku ile alikuwa anatembea nyuma ya mstari akiokota kondoo waliochoka. Nani atamtolea ushahidi ndani ya ukungu?

Shuleni wananiita Pengo. "We Pengo, funga mlango, kondoo wanatoka!" Ningecheka nao kama lingekuwa langu.

Niambie nifanye nini. Jibu kupitia dukani kwa Mama Midgley.

Dada yako,
Lowri


Cwm Derw,
26 Novemba 1962

Dada yangu Lowri,

Salamu nyingi kutoka kwa Bibi. Kifua kinamsumbua lakini ulimi hausumbuliwi na kitu. Anauliza kama unakula. Mimi mzima, mikono imekuwa kama magome kwa sababu ya machimbo.

Barua yako nimeisoma nikaichoma. Nawe zangu zichome.

Kaa kimya. Najua si jibu ulilotaka. Sikiliza lakini. Baba akifungwa, kundi linapelekwa mnadani kwa watu wa bondeni. Kondoo wa Cold Rigg akishashushwa hapandi tena, na hata akipanda hajui tena alipo. Babu wa babu yetu aliwakuta wakiwa pale. Ni siku moja tu ya mnada, basi, imekwisha. Sina nyumba, sina mke, nina kitu kimoja tu: kujua kwamba wako juu kule, na kwamba iko siku nitarudi kuwachunga. Usiku nawahesabu ili nipate usingizi.

Barney watamwachia. Hawana kitu zaidi ya maneno ya baani, na nani hajawahi kusema upuuzi baani? Na Sugden akiamka atasema mwenyewe, si wewe.

Na wewe je? Mimi kwa kuacha lango wazi tu Baba alinivunja bega kwa komeo la lango hilohilo. Akijua umeona, atavunja nini?

Kaka yako,
Huw


Hagshaw,
Jumapili, 16 Desemba 1962

Kaka,

Umeshindaje? Bibi mwambie nakula. Mkate na mafuta ya nyama, kila siku ya Mungu.

Sugden hakuamka. Alikufa Jumatano, tarehe tano. Barney sasa ameshtakiwa kwa kuua, kesi itasikilizwa mwezi wa nne katika mahakama kuu. Wanasema ni kifungo cha maisha. Ana miaka kumi na tisa, Huw. Aliwahi kunibebea ndoo zangu toka kisimani hadi nyumbani bila kusema neno, kwa sababu aliona naogopa kusemeshwa.

Siku ya mazishi watu walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja kwa Mama Barney. Sikujua kwamba watu waliotoka kuimba wanaweza kuokota mawe upesi namna ile. Walivunja vioo vyote vya mbele. Mwanamke yule alitoka na ufagio, akaanza kufagia vioo mlangoni huku mawe bado yanaanguka. "Endeleeni," akasema, "nafagia mara moja tu, sirudii." Jiwe likampata kwenye goti. Akapiga magoti, akaendelea kufagia.

Usiku huo wakati wa kula nilijikuta nasema, "Barney hakuwa korongoni."

Baba akaweka kijiko chini. "Nani kasema?"

"Watu."

Aliinuka polepole. Alinishika kisogo akanipeleka hadi dirishani, pua yangu kwenye kioo. Nje ukungu ulikuwa umefunika uwanja.

"Unaona nini?"

"Ukungu, Baba."

"Ndicho ulichokiona siku ile."

Kisha akanigonga kwenye fremu. Mara moja tu, kama anayepigilia msumari. Kioo hakikupasuka, nilipasuka mimi, juu ya jicho. Baadaye aliniletea maji ya moto na kitambaa, akakaa upande wa pili wa meza akiniangalia nikijifuta.

Kesho yake mwalimu akauliza. Nikasema nimeanguka. Yule Cedric wa darasani kwetu akadakia kutoka nyuma, "Ajabu! Pengo kagonga ukuta badala ya kupita!"

Njoo, Huw. Na usiniambie tena ninyamaze. Kunyamaza nakujua, nimezaliwa nako.

Dada yako,
Lowri


Cwm Derw,
22 Desemba 1962

Lowri wangu,

Bibi amekufumia glavu hizi. Pole na jeraha. Paka mafuta ya kondoo, usilifunge.

Ungejua mara ngapi nimefika kituo cha treni. Juzi nilikata hata tiketi. Treni ikaja, ikafungua milango, ikafunga, ikaondoka, mimi nimeketi kwenye benchi. Nabeba mawe yanayowashinda watu wazima, nina miaka ishirini na moja, na mlango ukifunguliwa kwa nguvu bado nashika bega langu. Hayo ndiyo yangu, nawe sasa unayajua.

Subiri kidogo tu. Nakuomba kama mtu anavyoomba maji. Labda wakili wa Barney atapata njia. Labda kundi litaokoka, na wewe, na Barney pia.

Kaka yako,
Huw


Hagshaw,
Jumapili, 10 Machi 1963

Kaka Huw,

Je, mko hai? Ndivyo tunavyosalimiana huku sasa, na si mzaha. Posta imepanda leo kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Glavu zilikuwa zimefika kabla barabara haijazikwa, na nadhani vidole vyangu ni vya Bibi sasa, si vyangu.

Theluji ilianguka, upepo ukaichukua ukaanza kuijenga. Kuta zote zikapotea. Ulikuwa unatembea juu ya ukuta bila kujua, na juu ya lango, na mara nyingine juu ya kondoo. Tulitoka kila siku na fito ndefu kuwatafuta. Unachoma theluji, ukigusa kitu laini unachimba. Wengine walikuwa hai, wamekula sufu za migongo ya wenzao. Wengine tuliwatoa wamekauka kama mbao na kuwapanga ukutani. Kunguru hata hawakuogopa tena, walikuwa wanatusubiri tuchimbe. Nusu ya kundi imekwenda, Huw. Baba hakulia. Alimpiga kunguru mmoja kwa sepetu, akampiga, akampiga, mpaka kilichobaki ni wino tu kwenye theluji, na mimi nikageuka nikatazama pembeni kwa sababu mkono ule nilishauona ukifanya vile.

Halafu mwezi wa pili nilitumbukia. Kwenye korongo lile lile la Dobb, theluji ilikuwa imelifunika kama daraja, ikanimeza hadi juu ya kichwa. Sikuweza kupiga kelele, mdomo umejaa. Nilianza kuona joto, na nilijua maana yake: baridi ilikuwa inaniua. Kisha kitu kikanishika nywele. Alinivuta kwa nywele, Baba, akachimba kwa kucha mpaka zikatoka damu, akanibeba mgongoni njia yote hadi nyumbani, upepo unamwangusha, anainuka. Alinivua viatu akanisugua miguu kwa saa nzima. Na bila kuinua kichwa akasema:

"Siku ile ulishika nafasi yako vizuri. Huw asingeweza."

Nililia kwa sauti. Akadhani ni miguu. Lakini nililia kwa sababu tangu nizaliwe nimengoja anisifu, na alichagua kunisifu kwa hilo.

Kwa hiyo anajua niliona. Na ananiamini. Niambie, kaka: mtu anayekutoa kwenye theluji kwa kucha zake, unampelekaje polisi?

Mama Barney alitembea kutoka kwake hadi dukani kwenye theluji ya kiunoni. Mwanamke aliyekuwa mbele yake akamwambia, "Muuza mkate wa wauaji yuko mtaa wa pili." Hakuna mtaa wa pili Hagshaw. Mama Midgley akamhudumia, lakini bila kumtazama. Nilikuwa nimesimama pale na kifurushi cha chumvi. Nikalipa, nikatoka.

Kesi ni tarehe mbili mwezi ujao.

Dada yako,
Lowri


Cwm Derw,
16 Machi 1963

Dada yangu,

Tupo hai. Bibi yu kitandani, lakini yupo.

Nilimsomea barua yako, nikamweleza pia yote niliyokuwa nimekuandikia. Sikumficha kitu. Alinigeuzia mgongo akatazama ukuta siku mbili. Jana nilipompelekea uji akaniuliza, "Kundi gani hilo, Huw, linalolishwa mtoto wa mwenzako?"

Nilimlisha uji wote, kijiko kwa kijiko.

Nilikuomba usubiri kwa sababu ya kondoo, nikakuambia ni kwa sababu yako. Nisamehe ukiweza. Sina haki tena ya kukuambia sema wala nyamaza. Ninachoweza kukuambia ni hiki: chumba kidogo cha juu kimefagiwa, na dirisha linafunguka.

Kaka yako,
Huw


Hagshaw,
Jumapili, 24 Machi 1963, alasiri

Kaka Huw,

Mwambie Bibi nimelijibu swali lake. Anaendeleaje? Mfungulie dirisha kama kuna jua. Huku jua limetoka, vijito vyote vinateremka kwa kelele, rangi ya chai, na nyika inatoa mvuke. Ndege sululu wa kwanza amelia asubuhi.

Leo baada ya ibada ulikuwa ule mkutano wa kugawana nafasi za mstari. Wanaume walikuwa uani mwa kanisa, wanawake ukutani, kama kawaida. Nafasi ya Sugden amepewa mpwa wake. Halafu Mzee Titus akakohoa. "Na ile ya ukutani ya akina Rushworth. Abel, hatuna ubaya, lakini binti yako hawezi. Aliacha pengo. Tumpe mtu mwingine." Mtu akasema, "Mpeni paka wangu, angalau anakaa!" Wakacheka. Baba alikuwa anatazama kofia mikononi mwake.

Kicheko ndicho kilichonisukuma, Huw. Sikuwaza mahakama wala haki wala kitu kikubwa. Nilisikia tu mdomo wangu unasema:

"Nafasi yangu sikuiacha."

Mzee Titus akanigeukia taratibu. "Mwenyewe ulikubali, mwanangu."

"Nilikubali uongo."

"Basi pengo lilikuwa la nani?"

Nilimwona Mama Barney amesimama nje ya lango, maana ndani haingii tena. Nikamtazama yeye peke yake, nikazungumza kana kwamba tuko wawili.

"Niliita mara tatu kwenye ukungu. Mara mbili Baba aliitika. Mara ya tatu hakuitika."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale anajua nani alikuwa upande wa pili wa korongo la Dobb. Konstebo Pickles, ambaye naye alikuja na mbwa wake kuomba nafasi, akavua kofia. Nikaendelea mpaka mwisho. Nikasema kuhusu fimbo, na kipande cha fimbo. Nikasema pia kuhusu wale kondoo watatu kwenye kinamasi, na kunguru, kwa sababu hata hilo ni kweli na sikutaka lisahaulike.

Baba alivaa kofia yake. Wanaume wakampisha. Hakunigusa, hakunitazama, alipita lango, akampita Mama Barney karibu kabisa, akashika njia ya kupanda Cold Rigg. Konstebo alitaka kumfuata. Mzee Titus akamzuia, "Mwache akawaone kwanza. Atakwenda wapi? Kule juu hakuna kwingine."

Konstebo ameandika maneno yangu na nimetia saini. Mama Barney alikuja akanishika kidevu, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga, akaangalia kovu juu ya jicho. "Ni yeye aliyekupiga?" akauliza. Sijui alijuaje. Hakunishukuru, na nilifurahi hakunishukuru, kwa sababu mwanawe amekaa gerezani majira yote ya baridi wakati mimi nanunua chumvi.

Mama Midgley alinisihi nilale kwake. Nitalala, lakini kondoo walioletwa zizini wana mimba nzito na hakuna aliyewapa majani tangu asubuhi. Kwa hiyo nimepanda nyumbani. Mzee Titus amekaa ukutani njiani na kiko chake, kasema akisikia kelele atakuja, ingawa kwa miguu ile atafika kesho. Konstebo amekwenda mjini kuleta gari.

Nimewalisha. Nimewasha moto. Nimekaa mezani kukuandikia, na muda si mrefu nimemwona Baba kupitia dirisha lile lililonipasua, anashuka kando ya ukuta. Hana haraka. Anasimama kila baada ya hatua chache, anageuka kuwatazama kule juu. Ananyoosha mkono juu ya ukuta anarudisha jiwe lililoanguka. Sasa amefika uani. Mbwa hajabweka, amemfuata tu.

Mkono wangu ulishavuta kitabu cha jiografia kufunika hapa. Nimekirudisha. Karatasi iko katikati ya meza, wino bado mbichi, na nimemvutia kiti.

Naogopa, Huw, usidhani siogopi. Viatu vyake vya misumari viko kwenye jiwe la kizingiti. Amesimama.

Anafuta viatu kabla ya kuingia, kama Mama alivyomzoeza. Tangu Mama afariki, hajawahi kufuta viatu.

Dada yako,
Lowri